Mlango wa Kombi Uliokataa Kufunga

Nijieleze kwanza. Mjini Tabora hakuna asiyenijua, ila maneno haya yanaweza kufika mbali, na huko wapo wasiojua. Ukishika njia ya Kwihara, ile waliyopita watu wa misafara na pembe za ndovu mabegani, utaona mageti mazito yenye maua ya chuma juu. Hayo ni yangu. Shule niliacha darasa la nne, nikaona mwalimu ananichelewesha. Nilianza kwa kukaa chini sokoni na nyundo moja, nagonga makopo ya mafuta yawe koroboi na karai. Leo nina karakana, nina mashine za kuchomelea, nina nyumba ya bati la rangi na ua ambao lori likiingia linageuza bila kurudi nyuma. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Mkono ulionishika ni huu wa kulia.

Nasema hivyo ili ieleweke kwa nini nilipoamua kufufua kombi nyumbani kwangu sikuona sababu ya kumwita mtu.

Kombi yenyewe ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu pale mjini, mzee mpole aliyekuwa na ghala la asali na nta. Juu krimu, chini kijani, pua ya duara kama ya ndama. Siku naoa sikuwa na baiskeli hata ya kuazima. Nikamtengenezea yule mzee milango ya ghala, na badala ya kunilipa akanipa kombi na dereva kwa siku moja. Ndiyo iliyomtoa mke wangu kwao Nzega ikamleta Tabora. Alikaa kiti cha katikati, upande wa mlango wa kuburuta, na shangazi zake wanne wamembana, wanaimba mpaka sauti zikakauka. Watu wa kwetu walitoka nje kutazama. Wengine hawakumtazama bibi harusi, walitazama gari.

Mzee alifariki, watoto wake wakahamia mbali, kombi ikabaki nyuma ya ghala. Kuku wakataga mayai kwenye kiti cha dereva. Mvua ilipopita juu ya bati haikuwa na shida, shida ni maji yaliyoingia yakakaa chini, mwaka hadi mwaka, yakala sakafu taratibu. Siku niliposikia wanunuzi wa chuma chakavu wamefika pale na mitungi yao ya gesi, niliacha geti la watu likining'inia, nikakodi trekta. Nilifika wanapima wapi waanzie kukata. Nikawaambia wasogee. Wakasogea.

Watu walicheka njia nzima. Trekta mbele, kombi nyuma, vipande vya kutu vinadondoka barabarani. "Fundi, unapeleka wapi maiti?" mmoja akaniuliza. Nikamwambia napeleka hospitali, na daktari ni mimi.

Kisha ikakaa uani kwangu, na mimi nikaendelea na mageti, mpaka binti yangu alipoposwa.

Nina watoto wa kiume, wote wakubwa, kila mmoja na mambo yake. Binti ni mmoja tu, wa mwisho, fundi cherehani, mkono wake umetulia kuliko wangu. Mposaji ni kijana wa Ziba, familia ya wakulima na wafugaji, watu wa heshima. Washenga walipokuja, tumekaa barazani, chai imeletwa, binti akapita na sinia la vikombe. Mama yake akamtania, "Haya mwanangu, baba yako ana lori. Utatoka juu ya mageti?"

Binti akainamisha macho, akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nataka ile ya mama."

Wote tukageuka kuitazama uani. Taa moja ilikuwa imedondoka, na paka alikuwa analala ndani ya tundu lake. Mshenga mmoja akakohoa.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wageni wale, sauti ikasikika mpaka jikoni: binti yangu atatoka hapa kwa kombi ile, na haitaguswa na mkono mwingine isipokuwa huu. Washenga wakaitikia vizuri, wakaondoka na habari hiyo mpaka Ziba. Kwa hiyo siku ya harusi ilipopangwa, ukoo mzima wa kule ulijua bibi harusi atakuja na nini. Kurudi nyuma hakukuwepo tena.

Sasa yuko jirani yangu, ng'ambo ya barabara, fundi bodi. Mzaramo. Alizaliwa pwani, akaja huku kufuata mwanamke, mwanamke akamkimbia, yeye akabaki. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, tangu babu zetu wanashuka pwani na mizigo wanapita kwao. Mtani ana ruhusa ya kukutukana, ana ruhusa ya kukamata kitu chako mpaka ukikomboe, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Huyu wangu ruhusa hiyo anaitumia kuanzia asubuhi. Anaegemea ukuta wangu, kikombe cha kahawa mkononi.

"Mwangaluka, mpagazi!" anasalimia Kinyamwezi chake kibovu. "Leo umebeba nini?"

"Nimebeba aibu ya babu yako. Alibebewa mpaka kandambili na babu yangu."

"Na babu yako akalipwa shanga, akafurahi kama mtoto!"

Hivyo ndivyo tunavyoamka. Alipoona nimeanza kuchokonoa kombi kwa bisibisi na bisibisi inapita upande wa pili, akatikisa kichwa. "Mpagazi, hilo halihitaji fundi, linahitaji sanda." Nikamwambia arudi kwake akanyooshe bajaji.

Injini niliisafisha mwenyewe mpaka ikawaka; shida ilikuwa bodi. Kazi ya kutu ni ya subira, na mimi, pamoja na sifa zangu nyingine, nina subira. Jioni nikifunga karakana nakuja uani, navaa kofia, nawasha grinda. Nilikata pua ya chini, nikakata matao ya magurudumu, nikakata vizingiti vya chini ya milango ambavyo vilibaki rangi tupu, ndani hakuna chuma, unga mtupu mwekundu. Mke wangu alichukua kile kiti cha katikati, akakiweka kwenye kivuli cha nyumba, akawa anakaa hapo kuchagua mchele. Grinda ikinyamaza tunaongea. Zamani hatukuwa na nafasi ya kuongea hivyo. Ananiuliza, "Shangazi yule mnene alikaa upande gani?" Mimi namwambia sikumbuki, niliona mtu mmoja tu. Anacheka, anasema mwongo mkubwa wewe.

Vipande vipya vya bodi niliviagiza Dar kwa mtu anayeviingiza kutoka nje, vikaja kwa treni vimefungwa maboksi. Nilivifungua mwenyewe mbele ya watu wa mtaa. Vizuri, lazima niseme. Vimepakwa rangi nyeusi ya kuzuia kutu, kila kona imekunjwa sawasawa, unapitisha kidole husikii ukali. Ila vyepesi! Mimi chuma changu ukikiinua kinakuambia kitu. Hivi vilikuwa kama sinia la pilau. Nikajisemea, kwa fundi wa mageti mazito hii ni kazi ya kuchezea.

Geti linatengenezwaje? Unakata vyuma vyote kwanza. Unavipanga chini kwenye sakafu iliyonyooka, unaangalia kona, halafu ndipo unachomelea. Anayekata kimoja na kuchomelea kimoja huyo ni mwanafunzi. Hivyo ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote na mageti yangu hayajawahi kupinda. Basi na kombi nikaifanya hivyo. Nikatoa vizingiti vya kulia na vya kushoto kwa pamoja, na kipande kikubwa cha sakafu, nikasafisha, ikabaki mwanga mtupu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikapanga vipya. Vikagoma kidogo kuingia, nikavisukuma kwa goti. Nikachomelea. Mshono wangu ulikuwa mzuri, sijui niuelezeje. Binti, ambaye mishono ndiyo kazi yake, alipitisha kidole akasema, "Baba, hapa umenishinda."

Nikapaka rangi ya kwanza. Nikamwita mke wangu na binti siku ya kurudisha milango. Ya mbele ikaingia kwa ubishi. Ule mkubwa wa kuburuta tukauinua, tukauweka kwenye reli yake, nikamwambia binti, "Haya, funga. Wewe ndiye mwenye gari."

Akauvuta. Ukaja vizuri, ukaja, ukafika karibu na mwisho, ukasimama. Pengo la kupitisha kiganja lilibaki juu, na chini mlango unagonga kizingiti. Akarudisha, akavuta tena kwa nguvu. Kishindo, pengo likabaki vilevile. Nikauvuta mimi. Nikausukuma kwa bega. Nikapiga reli nyundo. Nikatoa mlango, nikaurudisha. Mke wangu alikuwa ameacha mchele.

Binti alisimama na mkono wake juu ya komeo. Akasema, "Si kitu, Baba. Nitatoka na gari lingine. Hata la kukodi zuri tu."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa. Afadhali angelia. Akaingia ndani kuendelea na nguo za watu, nikasikia cherehani inaanza.

Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, muite mtani wako."

"Simwiti."

"Uliapa kwa washenga, hukuapa kwa Mungu."

"Simwiti, nimesema."

Nikakaa kwenye kile kiti cha katikati, nikaitazama kombi kwa mbali. Ukiwa karibu huoni. Kwa mbali niliona: mgongo wake ulikuwa umelegea katikati, kidogo sana, kama punda aliyebeba mahindi muda mrefu. Na mimi niliuchomelea hivyo hivyo ulivyolegea, kwa ule mshono wangu mzuri, ukakakamaa hivyo.

Asubuhi nikavuka barabara. Mtani haendewi kwa adabu. Ukimwamkia na kumwomba anadhani kuna msiba. Nikasimama katikati ya gereji yake, wateja wake wapo, nikapaza sauti: "Wewe mcheza ngoma! Umekaa hapa unapiga kelele za nyundo, huna kazi hata moja ya maana. Mtu mzima unanyoosha bajaji. Kwangu kuna gari, lakini mikono yako hiyo ya kukunia nazi haiwezi."

Akaweka nyundo chini polepole. Akanitazama, kisha akatazama ukuta wangu. Uso wake ukang'aa.

"Mlango umekataa," akasema.

"Nani kakuambia mlango?"

"Jana nilisikia kishindo mpaka kahawa ikamwagika. Nikasema mpagazi amefika mtoni, daraja hakuna."

Alikuja. Aliizunguka kombi mara moja, akachungulia chini, halafu akalala chali kwenye vumbi la ua wangu akicheka, amejishika tumbo, miguu inapiga hewani. Mke wangu alitoka jikoni akidhani kuna mtu ameanguka. Nilisimama nikangoja amalize. Ndiyo sheria ya utani, unangoja.

Alipokaa akajifuta machozi kwa shati. "Ulikata pande zote mbili kwa pamoja?"

"Geti linakatwa lote."

"Geti liko chini limelala, bwana. Hili limesimama, na linajibeba lenyewe kwa vile vizingiti. Umemkata mtu mapaja yote mawili, halafu unashangaa kiuno kimeshuka." Akapitisha kidole kwenye mshono. "Mshono lakini," akasema. "Mshono mzuri, mshenzi wewe. Unasikitisha kuukata."

Tuliukata. Grinda ilikuwa yangu na nilishika mwenyewe, sikutaka mtu mwingine akate kazi ya mkono wangu. Alileta mabomba ya chuma, tukayachomelea kwa muda kwenye matundu ya milango, kama nguzo za kuzuia ukuta usianguke. Kisha jeki chini, tunainua kidogo, tunangoja, tunainua kidogo. Yeye alikuwa anakadiria kwa jicho, jicho moja amelifumba, ananiambia bado, bado. Hapo nikamzuia. Jicho ni la kuangalia wanawake, nikamwambia. Nikachukua uzi, nikapima tundu la mlango kutoka kona ya juu hadi kona ya chini ya upande wa pili, kisha kona zile nyingine. Geti lisilopinda nyuzi hizo mbili zinalingana, na hicho ndicho kitu nilichojifunza bila mwalimu. Zikalingana, nikasema simama. Akaleta jicho lake, akaangalia, akakuna kidevu.

"Nani kakufundisha?"

"Njaa," nikamwambia.

Tulifanya upande mmoja mpaka ukaisha kabisa, ndipo tukagusa wa pili. Siku hizo mke wangu alikuwa anapika ugali wa watu zaidi, na Mzaramo anakula huku analalamika hakuna samaki wa pwani. Binti akipita kwenda kazini anasimama, "Shikamoo mjomba," na yeye anaitikia marahaba, ghafla mpole, sauti ya mtu anayeswali. Akigeuka tu, matusi yanarudi.

Mlango ulipofunga nilikuwa sijajiandaa. Tuliurudisha kwenye reli, nikauvuta tu kuujaribu, ukateleza wote ukaingia kwenye nafasi yake na kusema *kach*, basi. Sauti ndogo. Nikaufungua, nikaufunga tena. Mzaramo akasema tosha, utauchosha. Nikaufungua na kuufunga tena.

Rangi nilipiga mwenyewe. Krimu juu, kijani chini. Hapo sina wa kushukuru.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa asubuhi, watu wakala, na wageni wa Ziba wakawa tayari kurudi na mtu wao. Kombi ilisimama uani imeoshwa, kiti cha katikati kimerudishwa ndani, maua kwenye pua. Nilimwandaa dereva wangu wa lori, kijana makini. Binti akatolewa ndani na shangazi zake, kitambaa usoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Tukafika kwenye gari, na kwenye usukani, kanzu nyeupe, kofia ya kushonwa kwa mkono, alikaa Mzaramo. Funguo kaziweka kinywani.

"Shuka," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akatoa funguo mdomoni, akapaza sauti ili hata walio nje ya ukuta wasikie. "Hatoki mtu hapa! Gari limekamatwa na mtani. Wakwe wa Ziba, karibuni sana, mmekuja na washenga wenu. Washenga waliambiwa nini kuhusu gari hili?"

Mshenga mmoja, yule aliyekohoa, akasema, "Tuliambiwa halijaguswa na mkono mwingine."

"Ahaa! Basi mwenye gari aseme mwenyewe. Mlango huu nani kaunyoosha? Akisema, wanaenda. Asiposema, mimi nalala humu, nimekuja na mto."

Kweli alikuwa na mto.

Watu wakacheka, kisha wakanigeukia. Jua lilikuwa kali. Binti alisimama mbele ya mlango ule, sikuona uso wake, niliona mkono tu wenye hina, umeshika komeo tayari. Safari ya Ziba si ya jirani, na wakwe walikuwa wanatazama saa kwa adabu. Nilijua mtani hatanii. Maana yake, anatania, lakini angelala humo kweli.

Nikasema, "Kanyoosha Mzaramo."

"Sisikii!"

"Mlango kanyoosha Mzaramo! Bila yeye haufungi. Na uzi wa kupimia ulikuwa wangu, rangi yangu, mishono yangu, na binti ni wangu. Sasa washa gari, mla nazi!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo havikupigwa hata wakati wa ndoa. Binti akaufungua mlango mwenyewe, akapanda, akakaa kiti cha katikati, shangazi zake wakambana huku na huku. Mzaramo hakushuka. Alisema aliyenyoosha ndiye anayeendesha, na dereva wangu akaishia kupanda lori la vyombo. Mlango ukafungwa kutoka ndani. Niliweka kiganja juu ya bati pale dirishani, binti akaweka chake kwenye kioo kwa ndani, kisha gari likaondoka, likapita kwenye geti langu likageukia barabara kuu ya Nzega. Nilibaki nimesimama kwenye ua ambao lori linageuza, na kwa mara ya kwanza niliuona mkubwa kupita kiasi.

Walirudi kesho yake jioni, Mzaramo na shangazi wawili, kombi nyekundu kwa vumbi la Ziba. Nilikwenda moja kwa moja upande wa mlango.

"Ulisumbua?"

Mzaramo alikuwa anajinyoosha mgongo. "Mlango gani? Mimi nilisikia nyimbo za hawa wapagazi wenzako tu."

Shangazi mkubwa ndiye aliyenijibu. "Mwanao alilala, kaka. Tulipotoka tu mjini, akaegemeza kichwa hapo mlangoni, akalala mpaka Ziba. Tuliimba, hakusikia. Tulimwamsha wakwe wamesimama nje."

Kwa pilikapilika za harusi alikuwa hajalala siku kadhaa, hilo nilijua. Nikasogea. Kwenye kioo cha ule mlango, kwa ndani, palikuwa na doa la mafuta ya nywele, mviringo, kimo cha mtu aliyekaa. Mke wangu alileta ndoo na kitambaa. Nikamwambia aanze na magurudumu, upande huu nitaosha mwenyewe.

Mpaka leo sijauosha. Mzaramo anasema ukutani kila asubuhi kwamba fundi mkubwa wa Tabora anaendesha gari chafu. Namwitikia, namtukana babu yake, tunaendelea na siku.